Posta Arobaini

Kufikia Ijumaa mchana Maxwell alikuwa na majina arobaini kamili kwenye karatasi, lakini hakuweza kutoka nje kwenda haja. Nyumba waliyopanga hapo Mbita ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja, na mbele ya mlango huo, chini ya upenu, mama mkwe wake alikuwa amekalia kigoda akichambua omena, vile vidagaa vya ziwani. Kwa Wajaluo, kijana hapiti hivi hivi mbele ya mama wa mkewe kama anayepita mbele ya duka. Kwa hiyo Maxwell akakohoa. Mama mkwe, Filister, akakisikia kikohozi, akageuza uso ukutani, na kijana akatoka mbio huku ameinamisha kichwa. Kurudi ilikuwa kazi ile ile.

Siku ya kumi na moja sasa waliishi kwa kukohoa.

Filister hakuja kwa kupenda. Ziwa lilikuwa limepanda kisiwani Remba, likaingia kwenye chumba chake cha mabati, naye akavuka kuja Mbita na mabeseni mawili na simu yake. Kulala kwa mkwe ni mwiko, hivyo alilala kwa jirani, Truphena, na chakula alikula huko huko. Asubuhi alikuja kukaa na binti yake Emmaculate, ila hakuvuka kizingiti hata siku moja. Yeye na Maxwell hawakuzungumza moja kwa moja. Neno lilikwenda kwa Emmaculate, na jibu likarudi kwa Emmaculate. Dirisha tu ndilo lililowaumbua, maana liliachwa wazi kwa sababu ya joto, na kupitia hapo Filister aliona mwanamume mzima, mwenye mke, ameketi tangu asubuhi akitazama kijitu kikiruka mashimo kwenye kompyuta.

"Muulize mume wako," alimwambia binti yake siku ya tatu, "hiyo kazi yake inaisha lini."

Maxwell alilisikia swali hilo kabla halijamfikia, na likamkata maini. Hakuwa mvivu. Mvivu hawezi kukaa miaka miwili akiandika mistari ya amri za kompyuta usiku na mchana. Kijitu kile alikipenda tangu utotoni. Kilikuwa kwenye gemu ya zamani ya televisheni, zile za kuchomeka kaseti, zilizokuwa zikichezwa kwenye vibanda vya vidio pwani nzima ya ziwa. Kaseti iliandikwa Kichina, hakuna aliyejua jina lake la kweli, na kwa kuwa kijitu kilivaa begi begani watu walikiita Posta. Posta aliruka jiwe hadi jiwe, akakwepa mashimo, akapeleka barua. Alikuwa peke yake. Ukifa, unaanza upya, na wenzako wanangoja zamu.

Maxwell aliigeuza. Alimchora Posta wake mwenyewe, sura nyingine, kofia nyingine, na alichobakiza cha zamani ni miruko tu. Kisha akaweka Posta arobaini kwa wakati mmoja, kila mmoja akiendeshwa na mtu wake kwenye simu yake, popote alipo. Chini yao maji ya ziwa yanapanda. Anayeguswa na maji ametoka. Unaweza kumsukuma mwenzako, naye anaweza kukusukuma. Juu kabisa kuna jiwe moja ambalo maji hayalifikii, na hapo wawili wa mwisho wanamalizana. Anayebaki ndiye anayefikisha barua.

Kampuni ndogo ya Nairobi ilikuwa imeiona, na mama mmoja wa huko, Jedidah Angwenyi, alikuwa amempigia simu. Jumamosi saa tisa alasiri alitaka kuona mchezo mzima kwa macho yake, watu arobaini wa kweli, kuanzia mwanzo hadi mshindi apatikane. Ikiwa seva itastahimili na mshindi akaonekana, angempa Maxwell mkataba wa mwaka mmoja. Ikiwa la, asante na kwaheri.

Emmaculate naye alikuwa na mkataba wake. Miaka miwili alikuwa amelisha nyumba hii kwa kusuka watu nywele, na vidole vilikuwa vimeanza kumuuma asubuhi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Jumamosi ikishindikana, kompyuta inauzwa kwa Orina na Maxwell anakwenda Remba kuvuta nyavu kama alivyokuwa akifanya kabla ya chuo. Maxwell alikubali. Angekataa kwa mdomo gani?

Orina alikuja Ijumaa ile ile jioni kuikagua mali. Alikuwa mnunuzi wa vitu vilivyotumika, mtu wa Kisii mwenye begi kubwa jeusi na kauli laini. Aliifunua kompyuta, akafuta vitufe kwa leso yake kimoja kimoja, akainusa sehemu ya kutolea joto, akasema betri imechoka na bawaba zimelegea. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya ile aliyoitaja Jumatatu kwa simu. Maxwell alisimama pembeni mikono nyuma. Aliyemwonea haya zaidi ni mama mkwe, ambaye kwa ukuta ule mwembamba alikuwa akiisikia bei ya kazi ya mkwe wake.

"Kesho saa kumi napita," Orina alisema. "Ukimaliza mambo yako, unifutie hizo vitu zako zote. Mimi nataka ikiwa tupu."

*

Kosa la Maxwell lilikuwa la siku. Mtu wa Nairobi angeweza kulifanya bila lawama, lakini si yeye, aliyezaliwa hapa. Alikubali Jumamosi. Na katika nchi hii yote ya ziwa, Jumamosi watu wanazika.

Saa nane na nusu vijana sita wa Mbita walituma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwamba wako Rusinga matangani, marehemu ni mjomba wa mmoja wao, na simu haiwezi kutolewa kaburini. Hakuna aliyeweza kuwalaumu. Arobaini wakawa thelathini na wanne.

Maxwell alimpigia Gisiri, Mkuria aliyesoma naye chuoni, ambaye sasa ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Kehancha. Gisiri alikuwa ameahidi watu ishirini na alikuwa nao tayari, wengi wao waendesha bodaboda. Maxwell alimweleza kwa sauti ya kushuka. Gisiri hakuuliza maswali. Alitoka barabarani akiwa bado ameshika simu, na Maxwell akamsikia akiwaita watu kwa Kikuria. Baada ya dakika kumi alikuwa ameongeza wanne, mmoja wao mwuza ndizi aliyekuwa hajawahi kushika gemu maishani.

"Nimekomba barabara," Gisiri alisema. "Abiria wanatembea kwa miguu leo sababu yako. Umebaki na wangapi?"

Walikuwa thelathini na wanane. Maxwell akajiandikisha mwenyewe kwa simu yake, kompyuta ikiwa mezani mbele yake kuangalia seva. Thelathini na tisa. Emmaculate alikuwa tayari ndani ya gemu, na wateja wake watatu wenye nywele nusu zimesukwa pia walikuwa ndani. Truphena simu yake ilikuwa ya tochi, isiyobeba gemu. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika nne, na mlango wa gemu haukufunguka pasipo watu arobaini.

Emmaculate alitoka nje akapiga magoti mbele ya kigoda. Maxwell alimsikia akimbembeleza mama yake. Aliwaza omena, na mikono ya mama mkwe yenye magamba, na siku kumi na moja za kutazamwa dirishani. Alijua jibu.

"Leta hiyo miwani," Filister alisema.

*

Jedidah Angwenyi alikuwa kwenye spika ya kompyuta, yeye na Gisiri kwenye simu moja ya pamoja, akitazama mchezo kwenye skrini yake huko Nairobi. Mlango wa gemu ulifunguka saa tisa na dakika moja. Posta arobaini walisimama kwenye mstari, kila mmoja na jina lake juu ya kichwa, na wa mwisho kabisa aliandikwa MAMA EMMA.

Maji yakaanza kupanda.

Vijana wa Kehancha waliondoka kwa fujo wakisukumana, na sita wakafa kwenye shimo la kwanza kabla hawajamaliza kucheka. Mwuza ndizi alikwenda polepole akafika mbali kuliko wote waliomcheka. Shimo la tatu ndilo lililokuwa baya. Lilimeza kumi na mmoja, Emmaculate akiwemo. Yeye akatupa simu yake kitandani, akaenda dirishani kumtazama mama yake akifa.

Mama yake hakufa. Pale kwenye shimo la tatu Posta wake alirudi nyuma hatua moja, akangoja, kisha akaruka mara mbili kwa mpigo na kutua ng'ambo. Maxwell aliona hilo kwenye kompyuta. Ule ulikuwa mruko wa kaseti ya zamani. Hakuna aliyemfundisha mtu yeyote mruko ule. Ulikuwa wa kujua mwenyewe, kwa kufa mara nyingi.

"Mama, umejulia wapi?" Emmaculate aliuliza.

"Huyu namjua," Filister alisema bila kuinua macho. "Nilikuwa nauza samaki ya kukaanga mlangoni kwa vidio, Remba, nikiwa na miaka kumi na tano, kabla hujazaliwa. Wateja wakiisha mwenye vidio ananipatia rimoti. Nilikuwa nafikisha barua kila siku."

Emmaculate alimtazama mama yake, mwanamke aliyemjua kwa beseni na jua na hesabu za samaki, akimwona msichana wa miaka kumi na tano ambaye hakuwahi kutajiwa. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kanga.

Wakabaki kumi, wakabaki watano. Simu ya Gisiri ilileta kelele za kibanda kizima, maana waliokufa hawakuondoka. Walijazana nyuma ya walio hai. Mwuza ndizi akazama kwa heshima. Mwendesha boda mmoja akajaribu kumsukuma MAMA EMMA, akamkosa, akaanguka mwenyewe. Na juu, kwenye jiwe la mwisho lisilofikiwa na maji, wakafika wawili.

Mmoja alikuwa MAMA EMMA. Wa pili alikuwa MAX.

Maxwell aliona majina hayo mawili kwenye jiwe lenye upana wa hatua tatu. Alijua gemu yake. Hapa hakuna maji ya kusaidia, hakuna saa, hakuna njia ila kusukuma. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hajawaza, ni kumgeuza Posta wake atazame pembeni, uso ukiangalia ziwa. MAMA EMMA naye akageuka upande wa pili. Wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, dakika ya kwanza, dakika ya pili.

"Maxwell, kwangu picha imesimama," Jedidah alisema. "Imeganda?"

"Haijaganda, madam."

"Sasa mbona hawa hawamalizi?"

Nje ya dirisha Filister alisafisha koo. "Emma, mwambie mume wako anisukume tumalize."

Emmaculate, aliyesimama dirishani katikati yao, akageuka. "Max, mama anasema umsukume."

"Mwambie siwezi."

"Anasema hawezi."

"Mwambie ni mchezo."

"Anasema ni—"

"Mwambie najua ni mchezo," Maxwell alisema. "Ni kidole kinakataa."

Katika siku zote kumi na moja Filister alikuwa akimwona kijana huyu kama mtu aliyeikimbia kazi akajificha nyuma ya kioo. Sasa alimwona ana kila anachokitaka mbele yake, kitufe kimoja tu, na hakibonyezi kwa sababu yake. Akaamua kumwondolea taabu. Ataruka majini mwenyewe, na mkwe atabaki. Na ndani, nyuma ya ukuta, Maxwell alikuwa ameamua hivyo hivyo. Ni bora ashindwe yeye, mama abaki juu.

Wakaruka pamoja.

Jiwe likabaki tupu, barua iko juu yake peke yake. Gemu ilingoja mshindi. Maxwell alikuwa amefikiria kila namna mtu anavyoweza kumsukuma mtu, ila hakuwahi kufikiria wawili wanaopishana kwa adabu. Kwenye simu zote arobaini picha ilikuwa ile ile, jiwe na barua, na safari hii ilikuwa imeganda kweli.

Orina alikuwa amefika mapema na begi lake jeusi, akasimama uani.

*

"Nieleze," Jedidah alisema.

Maxwell alijikaza. Alisema kwamba yule wa pili ni mama wa mke wake. Sauti ya kijana fulani huko ofisini Nairobi ikasikika ikicheka na kuuliza mkwe anaingiaje kwenye gemu. Jedidah akamnyamazisha.

Gisiri ndiye aliyeingia kati kutoka Kehancha. "Madam, huku hakuna mtu amecheka. Kuna mzee mmoja hapa ameuliza kama huyo mama ameumia."

Jedidah akavuta pumzi. "Mimi natoka Nyamira," alisema. "Hata kwetu mama mkwe hasukumwi. Lakini Maxwell, mimi nikienda kwa wakubwa wangu siwezi kuwaambia hivyo. Wanataka kuona mshindi. Nakupa nusu saa. Watu arobaini, mara moja tu."

Nusu saa hiyo ndiyo iliyomfundisha Maxwell watu ni nini. Kehancha walikuwa na kila sababu ya kuondoka. Ilikuwa saa ya abiria, bando zilikuwa zinaisha, na mwuza ndizi aliziacha ndizi juani. Gisiri aliuliza nani anaenda, na hakuna aliyekwenda. Wale wateja watatu wa Emmaculate, vichwa vyao nusu vimesukwa na nusu vimesimama, walisema wao hawaendi popote hata hivyo.

Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Yeye mwenyewe asiingie. Lakini akitoka wanabaki thelathini na tisa.

Emmaculate alitazama nje. Wakati huo Orina alikuwa akitazama saa yake.

"Mimi nimekuja kununua, sikuja kucheza," Orina alisema alipoelewa anachoombwa. Isitoshe, alieleza kwa kauli yake laini, wakishinda yeye anakosa mali. Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa.

Filister alisogeza beseni lake upande, akapangusa nafasi ya kukaa kwa kiganja.

"Baba, kaa hapa," alimwambia. "Toa simu. Nitakuonyesha pa kuruka."

Wapo watu wanaoweza kumkatalia mama wa omena anayewasogezea nafasi. Orina hakuwa miongoni mwao. Akakaa, shingo upande, begi tupu likiwa katikati ya magoti.

Ndani, Maxwell alikuwa na dakika kumi na mbili na jambo moja la mwisho. Barua ile, anayoifungua mshindi, hakuwahi kuiandika. Kwa miaka miwili ndani yake mlikuwa na maneno mawili ya kujazia nafasi, "barua hapa", kwa kuwa kila mara alijiambia ataandika baadaye. Sasa akaandika. Hakujua nani ataisoma. Angeweza kuwa mwendesha boda wa Kehancha, angeweza kuwa mteja wa mkewe. Akamwandikia huyo huyo.

Saa tisa na dakika hamsini mlango ukafunguka tena. Orina alianguka shimo la pili, akainuka kutoka chini kwa hasira kana kwamba ni yeye aliyelowa, kisha akakaa tena kuangalia simu ya jirani yake. "Ruka sasa, mama. Ruka," alikuwa akisema. Wateja wa Emmaculate walizama mapema. Kehancha wakapigana kishujaa. Kwenye jiwe la mwisho walifika MAMA EMMA na kijana mmoja wa boda, na huyu hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale. Kijana akaja kwa kasi. Filister akarudi nyuma hatua moja, akangoja, akaruka, na kijana akapita chini ya miguu yake moja kwa moja hadi majini.

Seva haikuyumba hata kidogo. Kehancha walipiga kelele hadi spika ikakwaruza.

Jedidah Angwenyi alisema mkataba utatumwa Jumatatu, na kazi ya kwanza ndani yake ni kurekebisha lile jiwe la mwisho. Maxwell akasema ndiyo, madam, na asante, na tena asante, kisha akamshukuru Gisiri na kumtaka amshukuru kila mmoja kwa jina, hata mwuza ndizi. Emmaculate alikuwa amemshika mabega kwa nyuma na kuweka shavu lake kichwani pake, naye akavishika vile vidole vyake vinavyouma asubuhi, akavibusu. Orina alikunja begi lake likawa dogo, akauliza gemu hii inapatikana vipi kwenye simu.

Maxwell alitaka kumshukuru mtu mmoja zaidi. Alisimama katikati ya chumba bila kujua afanye nini na miguu yake. Kutoka nje na kumwambia uso kwa uso haiwezekani. Kumtuma Emmaculate kulionekana kidogo mno.

Nje, Filister alikuwa ameisogeza simu mbali kidogo na macho, miwani imeshuka puani. Barua ilikuwa imefunguka. Aliisoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kwa matamshi yake ya sokoni.

"Wewe uliyefika, asante. Sikujua kama ungekuja. Ulipokaa karibu yangu nilifikiri unanihesabia makosa, kumbe ulikuwa unaijaza nafasi. Bila wewe tusingefika arobaini."

Akarudia kusoma mwanzo hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso.

"Emma," aliita.

"Mama."

"Mwambie nimeipata."